Mnara wa simu Makorora: tuukatae kwa ajili ya uzazi wa wanaume?

Mwana wa Makorora: Asalaam aleikum wanajamvi. Kiwanja cha nyuma yetu hapa Makorora, Tanga, kimekodishwa na kampuni ya simu, wanataka kusimamisha mnara. Kikao cha mtaa ni Jumamosi, na mimi nasema tukatae. Mionzi ya simu na minara ni jamii moja na ile ya oveni ya maikrowevu. Wataalamu wa saratani wa WHO waliiweka kundi 2B tangu 2011, yaani huenda inaleta saratani. Uswisi nao walipima vijana karibu 2,900 walioitwa jeshini: waliotumia simu zaidi ya mara 20 kwa siku walikuwa na mbegu za kiume milioni 44 na ushee kwa mililita, wale wa mara moja kwa wiki milioni 56 na ushee. Vijana wa mtaa huu wanaoa, mwaka unapita, wa pili unapita, kimya. Tunangoja nini?

Fundi wa Minara: Kaka, huo utafiti wa 2023 umeusoma nusu. Ulihusu simu, si minara. Anayeweka simu mfuko wa suruali hakuonekana tofauti na wengine, na uhusiano wenyewe ulikuwa mkubwa miaka ya 2005 hadi 2007, ukafifia baadaye. Halafu simu ikikosa mtandao huongeza nguvu ya kurusha, mnara ukiwa karibu huipunguza. Mkiufukuzia mnara Mabokweni, simu zenu ndizo zitakazorusha zaidi. Hofu hii ni ile ile ya kusema madafu yanaleta mabusha.

Shamte Pangani: Hapo hapo! Madafu umeyaingizia nini? Marehemu babu alikuwa mkwezi na busha alikuwa nalo. Wazee hawakusema ovyo.

Mkonge: Ami Shamte, mimi madafu nayanywa tangu utotoni na niko salama.

Shamte Pangani: Bado kijana wewe.

Nesi Muheza: Jamani, mabusha ni minyoo inayoenezwa na mbu, wakiwemo hawa wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Nazi haimo. Mwambao wote umeteseka kwa hilo. Dawa za kumeza zilianza kugawiwa Mafia mwaka 2000, huku zikafika baadaye. Nilipokuwa nagawa mimi, wanaume walikuwa wakinifungia mlango, wakisema zinaua uzazi.

Mwana wa Makorora: Na nani alituthibitishia kwamba haziui? Kila kitu cha bure lazima tumeze?

Bi Chumbageni: Dawa inaua uzazi, simu inaua uzazi, sasa mnara. Mwanamume mwenyewe hana lake? Nimenyweshwa makombe, nimepelekwa kwa waganga Handeni, nimelazwa na kusafishwa kizazi. Mume wangu hakupimwa hata mara moja. Akaoa mke wa pili, naye hajashika mimba hadi leo, na mawifi wameshaanza kumwita tasa. Mnara haukuwapo wakati huo.

Mwana wa Makorora: Dada, kwa heshima zote, hapa si baraza la ndoa yako.

Bi Chumbageni: Wewe ndiye uliyeandika kwamba vijana wanaoa na kimya. Umewapima? Au umehesabu matumbo ya wake zao?

Mkonge: Mwana, hilo jibu.

Mwanachuo Raskazone: Msimdharau Mwana, lakini. Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, mwaka 2014 walijumlisha tafiti 10 na kukuta mbegu zilizokutana na mionzi ya simu zikiogelea vibaya zaidi, pungufu kama asilimia 8. Tafiti nyingine zilikuwa za mbegu kwenye kisahani cha maabara, sawa, ila huwezi kusema hakuna kitu. Norway wanajeshi wa majini waliofanya kazi karibu kabisa na antena waliripoti kukosa watoto zaidi kuliko wenzao. Fundi, hilo linakuhusu wewe hasa.

Fundi wa Minara: Linanihusu vipi? Nina watoto wanne, na mkubwa ni wewe mtupu kwa umri. Chunga ulimi.

Mwanachuo Raskazone: Sijakutukana, mjomba. Nimesema antena, anayezisogelea ni fundi.

Fundi wa Minara: Umenitaja mbele za watu. Sisi hatusogelei antena mpaka izimwe, na mionzi yake inatoka mbele kwenda mbali, haimwagiki chini ya mlingoti. Tume ya Nguvu za Atomi ina vipimo vya kazi hiyo. Mwiteni mtu wao Jumamosi apime mbele yenu, mtaamini macho yenu.

Shamte Pangani: Na madafu yapimwe!

Kijana wa Kange: Samahanini. Hicho kipimo cha mwanamume kinafanywaje? Nauliza kwa ajili yangu.

Nesi Muheza: Umefanya vizuri kuuliza, mdogo wangu. Kaa bila tendo siku 2 hadi 7. Ukitolea nyumbani, sampuli ifike maabara ndani ya saa 1, ibaki na joto la mwili, usiiweke kwenye barafu. Majibu yakiwa mabaya usikate tamaa, rudia baada ya miezi mitatu hivi, maana mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kukomaa na homa kali peke yake inaweza kuziharibu. Nenda na mkeo, mpimwe wote siku moja.