Mada: Hakina gluteni, lakini tumbo halijatulia

Kutoka: Zuhura

Ndugu zangu, hamjambo? Nisaidieni, nimechoka kulala nimeshika tumbo.

Daktari alinipima siliaki, ule ugonjwa wa utumbo kuharibika kwa sababu ya gluteni, protini ya ngano, nikiwa bado nakula ngano kama kawaida, majibu yakatoka safi. Akasema utumbo wangu ni mwepesi kuchokozeka, nipunguze ngano nione. Nikapunguza, nikapata nafuu ya kweli. Shida ilianza nilipoingia kwenye rafu ya vyakula visivyo na gluteni: mkate, biskuti, nafaka za asubuhi. Gesi, tumbo kunyonga, choo laini. Ajabu ni kwamba mkate mmoja unanitesa na mwingine hauna neno, na yote miwili imeandikwa haina gluteni. Wali mweupe haujawahi kunidhuru. Orodha za viambato ni ndefu na lugha ya huku bado naipapasa. Nitafute nini hasa?

Kutoka: Salum

Pole sana dada Zuhura. Mimi ningeanza kuishuku gluteni yenyewe. Maandishi yale hayamaanishi sifuri. Ulaya na Marekani wanaruhusu mpaka miligramu 20 kwa kila kilo ya chakula. Labda wewe ni katika wale ambao hata hicho kidogo kinawaumiza. Badilisha kampuni.

Kutoka: Bi Mwanaidi

Salum mwanangu, tupige hesabu kwanza. Kipande cha mkate cha gramu 50, kikifika kikomo hicho cha sheria, kina miligramu moja ya gluteni. Zuhura hana siliaki, na hakuacha ngano yote, amepunguza tu. Sioni miligramu moja ikimlaza kitandani wakati mkate wa pili, unaofuata kikomo hichohicho, haumfanyi kitu.

Mimi naoka mikate ya aina hiyo kiwandani, kwa hiyo nitasema ninachokiona kwenye mapipa. Gluteni ndiyo inayoshika donge. Ukiitoa, donge halishikani, halizuii hewa ya hamira, na mkate unakauka upesi. Basi mwokaji anatia vitu vingine vya kushika maji, vya kulainisha, na vya kuongeza nyuzinyuzi, kwa sababu wanga mtupu hauna nyuzinyuzi za maana. Huko ndiko kwa kukagua.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ngano haina gluteni peke yake, ina pia fruktani. Hii ni aina ya kabohaidreti ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo inafika nzima kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachua, gesi inajaa. Watafiti wa Norway walichapisha jaribio mwaka 2018. Watu 59 wasio na siliaki, walioacha gluteni kwa uamuzi wao wenyewe, walipewa vibao vya nafaka vyenye gluteni, vyenye fruktani, na vitupu, bila kujua wanakula kipi. Watu 24 waliumia zaidi na fruktani, 13 na gluteni. Na 22 waliumia zaidi na kile kitupu! Hao 22 msiwasahau, nitawarudia.

Sasa tazama kinachotokea. Mtu anaacha ngano, fruktani inapungua, anapata nafuu, anaipa gluteni lawama zote. Kisha ananunua mkate usio na gluteni ambao mwokaji ameutia inulini ya mzizi wa chikori ili aandike mbele "una nyuzinyuzi nyingi". Inulini ni fruktani hiyohiyo, tena iliyokamuliwa ikawa unga. Haina namba ya E, kwa hiyo itafute kwa jina. Katika lugha nyingi za Ulaya utaona herufi "inul" mwanzoni. Wakati mwingine inaandikwa oligofruktosi, au nyuzi za chikori.

Baada ya hiyo, angalia vitamu. Namba za E zinakusaidia hata lugha ikikushinda, japo Marekani hawazitumii: E420 sorbitoli, E421 manitoli, E953 isomalti, E965 maltitoli, E967 zailitoli. Zimejaa kwenye biskuti zinazojisifu hazina sukari. Zikizidi asilimia 10 ya bidhaa, Ulaya mtengenezaji analazimika kuonya kwamba ukila nyingi zinaharisha. Kuna pia sharubati ya tufaha au pea iliyokolezwa, asali, agave, unga wa dengu, wa soya na wa lupini, na maziwa ya unga kwa ambaye laktosi, yaani sukari ya maziwa, haimpandi. Kwenye biskuti za chumvi usiache kuangalia unga wa vitunguu na vitunguu saumu, ambavyo navyo vina fruktani.

Gamu, zile za kushikisha donge (E415, E412, E410), watu wanazilaumu sana mitandaoni. Mimi nazishuku mwisho. Tunazitia kidogo mno, kwa kawaida chini ya hata nyuzi za chikori zilizo pembeni yake.

Tuandikie viambato vya mikate yako miwili, kwa mpangilio uleule ulioandikwa.

Kutoka: Zuhura

Shikamoo Bi Mwanaidi, ahsante sana. Nimetafsiri kwa simu, nisahihisheni.

Unaonitesa: maji, wanga wa tapioka, unga wa mchele, inulini ya chikori, unga wa dengu, mafuta ya alizeti, maganda ya psiliamu, ute wa yai, sharubati ya tufaha iliyokolezwa, hamira, E464, E415, chumvi.

Usio na neno: maji, wanga wa mahindi, unga wa mchele, mafuta ya alizeti, maganda ya psiliamu, ute wa yai, sukari, hamira, E464, E415, chumvi.

Kutoka: Bi Mwanaidi

Marahaba. Hapo umenirahisishia.

Vyote vilivyomo kwenye mikate yote miwili, yaani mchele, mafuta, psiliamu, yai, hamira, E464, E415, viweke pembeni. Sisemi ni salama milele, maana kiasi kinaweza kutofautiana, ila kwa sasa si vya kufukuzana navyo. Wanabaki inulini, dengu, sharubati ya tufaha, na tapioka. Tapioka ni wanga, sina wasiwasi nayo.

Soma na mpangilio. Viambato vinaandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi. Inulini imekuja kabla ya mafuta, kwa hiyo si ya kupambia. Sharubati iko karibu na mkia, na vilivyo chini ya asilimia 2 sheria inaruhusu viandikwe kwa mpangilio wowote, hivyo usijaribu kukisia kiasi kwa nafasi yake huko mwishoni.

Jinsi ya kupima: rudi kwenye mkate mzuri na vyakula unavyoviamini mpaka tumbo litulie. Kisha jaribu kimoja tu. Inulini inauzwa kama unga mtupu. Anza na nusu kijiko cha chai kwenye chakula chako cha kawaida, kesho ongeza, keshokutwa ongeza tena, na likianza kunyonga simama hapo. Pumzika siku chache, ndipo uende kwa dengu zilizochemshwa, tena bila kitunguu. Tufaha liwe la mwisho, kwa sababu lina fruktosi (sukari ya matunda) ya ziada na sorbitoli pamoja, na likikuchokoza hutajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Usibadilishe kahawa, pilipili wala saa za kula katikati ya jaribio. Na usilaumu mlo wa mwisho kwa haraka: vitu hivi vinachachuka vikifika utumbo mpana, kwa hiyo maumivu ya jioni yanaweza kuwa ya asubuhi, au hata ya jana. Andika saa.

Sasa wale 22. Ukijua unakula kitu unachokiogopa, tumbo linaweza kuuma kwa hofu tu, na maumivu yake ni ya kweli. Ukiwa na mtu nyumbani, akuchanganyie yeye, siku nyingine atie, siku nyingine asitie, na asikuambie mpaka umeshaandika ulivyojisikia.

Kutoka: Kombo

Naomba kuingilia, maana humu tuko na wenye siliaki pia, na mambo yetu si hayo. Mimi nikisikia tumbo sianzi na inulini. Kwanza naangalia wanga wa ngano: Ulaya kuna bidhaa zinazoutumia ukiwa umesafishwa gluteni mpaka chini ya ile miligramu 20, na zinaruhusiwa kuandikwa hazina gluteni. Pili ni oti, nafaka ile inayopikwa uji laini. Hata ikiwa haikuchanganyika na ngano, wachache wetu tunadhurika na protini yake, avenini. Jamani msije mkamwambia mwenye siliaki apuuze dalili eti ni fruktani.

Kutoka: Neema (lishe, hospitali)

Kaka Kombo yuko sahihi. Mwenye siliaki ambaye hapati nafuu arudi kliniki. Mara nyingi ni gluteni inayopenya mahali, lakini inaweza kuwa laktosi, au kongosho, au ugonjwa mwingine wa utumbo.

Na kwa yeyote humu ambaye aliacha ngano kabla ya kupimwa: kipimo cha damu cha siliaki kinatafuta kingamwili zinazotengenezwa ukiwa unakula gluteni. Ukishaiacha, kinaweza kukuambia uko mzima wakati si mzima. Bahati ya Zuhura ni kwamba alipimwa mapema.

Njia anayoeleza Bi Mwanaidi inafanana na ile ya Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walioleta mlo wa FODMAP ndogo, yaani wa kupunguza kabohaidreti zinazochachuka tumboni kama fruktani, laktosi na sorbitoli. Kipindi cha kuacha vyakula ni wiki mbili hadi sita tu, halafu unavirudisha kimoja kimoja. Naona watu wamebaki miaka kwenye wali na kuku kwa kuogopa kurudisha, na hilo linanikera kuliko inulini. Bakteria wazuri wa tumboni nao wanahitaji kula.

Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, kuharisha kunakokuamsha usiku, homa, upungufu wa damu: hayo hayana majaribio ya nyumbani. Nenda ukaonwe.

Kutoka: Zuhura

Shikamooni wakubwa. Majibu ya jikoni: dengu sikuona kitu. Inulini, dada yangu ndiye aliyekuwa akinichanganyia, na siku zote nilizoandika "limejaa, linanyonga" zilikuwa za kijiko kizima. Za nusu kijiko sikuzitambua na zile tupu. Tufaha bado.

Swali: maana yake niikimbie kabisa?

Kutoka: Bi Mwanaidi

Hapana. Maana yake umeshajua kipimo chako, nusu kijiko unakimudu. Angalia tu kisijumlike: mtindi wenye nyuzinyuzi asubuhi, kibao cha protini mchana, chokoleti "isiyo na sukari" jioni, vyote vinaweza kuwa na inulini, na kila kimoja peke yake kingepita salama. Hata vidonge vya bakteria wazuri vya dukani vingi vinajazwa hiyohiyo. Na kila ukifungua mfuko mpya wa mkate wako mzuri, soma nyuma tena. Sisi viwandani tunabadilisha mchanganyiko na picha ya mbele inabaki ileile.

Ukimaliza tufaha tuandikie.