Urojo saa kumi mzito, magharibi umekuwa maji. Nakosea wapi jamani?

mama_chatini
Habarini wapendwa, naombeni msaada mie nimechoka kuaibika. Nimeanza kuuza urojo hapa nje kwangu Makorora, Tanga, mwezi wa pili huu. Bajia, kachori na chatini ya nazi watu wanasifia alhamdulillah, shida ni rojo lenyewe. Nabandika maji kama lita 5, natia bizari, chumvi, ukwaju nishaukamua na embe mbichi, yakichemka namwaga unga wa ngano huku nakoroga. Madonge hayo sasa!! nachuja mpaka mkono unauma. Halafu saa kumi unakuwa mzuri mzito, nauacha jikoni kwenye mkaa uchemke taratibu wateja wakija waukute wa moto, ikifika magharibi umekuwa maji, naongeza unga tena, ndo unanuka ubichi. Juzi mteja kaniuliza dada leo unauza mchuzi wa bizari? Unga nishabadilisha aina tatu, wapi.

bi_ngamiani
Pole mwanangu. Unga mkavu haumwagwi kwenye maji yanayochemka hata siku moja. Ukigusa moto wa nje unaiva papo hapo unajifunga kama ngozi, wa ndani unabaki mkavu vilevile, donge ndo hilo. Chukua robo kilo, koroga na maji BARIDI kwenye bakuli mpaka uwe kama maziwa mazito, pitisha chujio mara moja tu, kisha mimina kidogo kidogo mkono wa pili haumwachi mwiko. Na ukishashika usiwe na haraka, uache utokote dakika kumi hivi, kushika siyo kuiva.

raskazone_boy
Achana na ngano dada, weka wanga wa muhogo. Unakuna muhogo mtamu mbichi unaukamua kwenye kitambaa, yale maji yakitulia masaa mawili matatu unayamwaga, cheupe kilichoganda chini ndo chenyewe. Unatumia kama nusu ya ngano na rojo linang'aa haliwi na ukungu.

bi_ngamiani
Unga wa bada kwenye urojo?? Haya makubwa. Bada naila na papa na mchuzi wa nazi, sitii kwenye urojo mie.

raskazone_boy
Shikamoo bibi, sio unga wa bada 😂 bada ni muhogo mzima uliokaushwa ukasagwa, mie nasema wanga mtupu.

bi_ngamiani
Marahaba. Bado ni muhogo.

jiko_la_hoteli
Nimepika hotelini miaka mingi, ngoja niseme. Bibi kamaliza la madonge, ila la kugeuka maji hakuna aliyeligusa. Msomeni tena, ukwaju na embe vinaingia MWANZO na vinachemka na unga mpaka magharibi, hapo ndo kwenye tatizo. Wanga unashika kwa sababu chembe zake zikipata moto zinakunywa maji zinavimba, sasa uchachu ukichemka nazo masaa mawili matatu unazikatakata, zikikatika haziwezi tena kubeba maji. Kwa hiyo hata ubadilishe unga mara kumi utaishia palepale, na wanga wa muhogo ndo unakatika haraka zaidi samahani kijana, halafu ukizidisha unavutika kama kamasi.

Fanya hivi: pika rojo la bizari na unga bila uchachu, liive kabisa. Ukwaju uchemshe pembeni uuweke kwenye jagi. Ukikaribia kuuza chota rojo sufuria ndogo, tia ukwaju, onja, hiyo ndo ya kuuza, ikiisha unachanganya nyingine. Embe nayo tia mwisho. Na makaa punguza, linatakiwa liwe la moto tu, kutokota hapana.

shemeji_wa_mabawa
Mie nilisikia ukionja na mwiko halafu ukaurudisha sufuriani mate yanafanya kitu kiwe maji. Au uongo?

jiko_la_hoteli
Kweli, ila hiyo utaiona kwenye uji wa mtoto ulioanza kupoa, kijiko kinatoka mdomoni kinarudi bakulini, mara uji umekuwa mwepesi. Hata kimea ukitia kwenye uji mzito unalegea hivyohivyo. Kwenye urojo wa moto wenye ukwaju mate hayana nguvu. Ila shemeji usirudishe mwiko bwana, watu wanakula hicho.

mama_chatini
Nimerudi. Jana nimefanya kama mlivyosema, unga na maji baridi, donge hata moja sijaona, chujio nimetumia kwa mazoea tu. Ukwaju nikauweka pembeni nachanganya kidogo kidogo. Mpaka baada ya isha rojo liko vilevile, tena lilizidi uzito kidogo nikaongeza maji ya moto kikombe kimoja. Bi Ngamiani na kaka wa hoteli Mungu awalipe. Sasa leo bajia zimeisha saa moja rojo limebaki nusu sufuria, nililaze mpaka kesho au nimwage?

bi_ngamiani
Kwa joto hili la Tanga? Hilo usilaze mwanangu, wape watoto na kachori wamalize. Kesho ongeza bajia.