Nimeshasaini kazi ya unesi Dar, sasa nimeitwa wodi ya watoto wachanga Morogoro. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Mimi ni muuguzi wa diploma, leseni ninayo. Wiki mbili zilizopita nilisaini barua ya ajira ya hospitali moja binafsi Dar, upande wa wagonjwa wa nje, kuanza tarehe 1. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane, mama amechoka kunitumia nauli za usaili, nikasaini.

Jana nimepigiwa simu kutoka Morogoro: wodi ya watoto wachanga. Mshahara umezidi kidogo tu. Ila tangu mafunzo kwa vitendo, nilipokuwa nawaelekeza akina mama kuwabeba kifuani watoto wa kilo moja na nusu, nilijua kazi yangu ni hiyo. Na nyumbani ni daladala moja.

Metroni wa Dar alinipokea vizuri, ameshanipanga zamu. Naona aibu mno. Wanaweza kunishtaki? Leseni yangu je?

Afisa Utumishi
Dada, soma kwanza ulichosaini, hasa kipengele cha kuvunja mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 41, inataka notisi isiyopungua siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi anatoa siku 28. Wewe hata hujaripoti. Kama wamekulipia chochote, nauli au chumba, kirudishe.

Mama Pacha
Mimi sikubaliani. Umetoa neno lako, watu wamekupangia zamu. Fanya hata miezi sita.

Nesi wa Usiku
Mama Pacha, miezi sita ya nini? Wamfundishe kazi halafu aondoke? Hiyo ndiyo hasara kubwa kwao.

Mdogo wangu, mimi ndiye ninayepanga zamu hapa kwetu. Mtu asipotokea siku ya kwanza, kuna mwenzake anakesha usiku wa tatu mfululizo. Ukiniambia mapema, namwita aliyefuata kwenye usaili. Kwa hiyo usiseme chochote Dar mpaka barua ya Morogoro iwe mkononi, maana simu siyo ajira. Ukishaipata, siku hiyohiyo mpigie metroni, usimtumie meseji. Mweleze ukweli, usisingizie ugonjwa, halafu upeleke barua. Manesi tunajuana, kesho utamkuta kwenye semina.

Leseni usiihofie. Kutoroka zamu na kuacha wagonjwa ndilo kosa, siyo kukataa kazi kabla hujaripoti.

Mleta uzi
Asanteni sana. Barua ya Morogoro imefika leo asubuhi, nikapiga simu Dar saa nne, mikono inatetemeka. Metroni alinyamaza kidogo, akasema angeumia zaidi kama angeniona sipo tarehe 1. Kisha akauliza kama namfahamu mwenye leseni anayetafuta kazi. Yupo mwenzangu tuliyemaliza naye. Anapeleka vyeti kesho.