Ushauri: Nimeikuta ramani ya shamba letu mtandaoni, kumbe ng'ambo ya mto nako ni kwetu. Naanzia wapi?

Mwanashamba (mleta mada)
Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua mambo ya ardhi, maana siku hizi hata usingizi siupati.

Tuna shamba la familia Muheza, Tanga, kama ekari 90. Babu alilipata miaka ya sabini na lilipimwa wakati huo huo. Hati ilishapotea. Sasa nimekuta hifadhi moja ya ramani mtandaoni, wamepiga skani ramani za upimaji za zamani, za viwanja na mashamba. Unatafuta kwa wilaya na namba ya shamba. Nikaweka namba iliyo kwenye risiti ya kodi ya pango la ardhi aliyoacha mzee, ramani ikatokea: mipaka, kona zote, na jedwali la namba za kila bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa kwenye kona.

Nikazichukua zile namba nikaziingiza kwenye ramani ya simu. Mstari wa kaskazini umevuka mto na kwenda ng'ambo kabisa, kwenye sehemu ambayo jirani analima na kuna nyumba. Miaka yote tumeishi tukijua mwisho wetu ni mto.

Je, ramani hii inatosha kumwonyesha jirani aachie eneo? Nianzie serikali ya kijiji au niende moja kwa moja kwa mwanasheria? Nina haraka kidogo.

Nyundo ya Kale
Ardhi ni vita, mkuu. Kwetu Kilosa mjomba aliuza kipande kwa maneno ya mdomoni, shahidi akiwa mmoja tu, naye akafa. Leo wajukuu wa pande mbili hawazikani. Mmoja amefyeka minazi ya mwenzake usiku, mwingine akamwitia polisi mpaka msibani. Na yote hayo kwa eneo ambalo ukisimama huku unaona mwisho wake. Wewe una ramani, una bahati.

Dereva wa Masafa
Haraka ya nini? Shamba lipo tangu miaka ya sabini, mto upo, jirani yupo.

Mama Wawili
Mwanangu, huyo jirani amekaa hapo muda gani? Na amejenga nyumba ya aina gani? Mtu akishazeekea mahali humfuati na simu mkononi ukamwambia ondoka.

Mwanashamba
Haraka ya kawaida tu, mambo ya kifamilia. Jirani yupo hapo miaka mingi, mimi sijazaliwa. Lakini ramani ni ramani. Kama serikali ilipima na kuchora, mazoea ya watu hayawezi kuishinda.

Wakili wa Mtaani
Mleta mada, nakujibu hoja kwa hoja.

Skani ya mtandaoni inakusaidia kujua kitu kipo na kina namba gani. Ukitaka kuitumia kwenye shauri unahitaji nakala iliyothibitishwa na ofisi inayotunza kumbukumbu za upimaji. Chukua namba ya ramani, nenda ofisi ya ardhi ya mkoa, omba nakala, kisha omba na upekuzi rasmi uone shamba limesajiliwa kwa jina la nani hadi leo. Ramani inaweza kuwa halali kabisa siku ilipochorwa, na miaka kumi baadaye shamba likagawanywa kwa ramani nyingine ambayo hifadhi yako haina.

Pili, shamba ni la marehemu. Nani msimamizi wa mirathi? Kama mahakama haijamteua mtu, wewe huna mamlaka ya kudai wala kuuza chochote, hata kama ni mtoto wa kwanza.

Tatu, sheria ya ukomo inatoa miaka 12 kudai ardhi. Kwa mtu aliyekaribishwa hesabu yake ni tofauti na kwa aliyevamia, kwa hiyo ni muhimu kujua aliingiaje. Mgogoro unaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, ukishindikana ndipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa tuambie: jirani ni nani, na nani alimweka hapo?

Chumvi ya Pwani
Hapo kwenye "jirani" na mimi nimeweka kiti kabisa.

Mwanashamba
Asante Wakili, umenifungua. Usimamizi wa mirathi tulikuwa bado, lakini ndugu wote wananiamini mimi.

Kuhusu jirani: ni shangazi. Dada yake marehemu mzee. Sikutaja mwanzo kwa sababu sikutaka mada igeuke kuwa ya kifamilia wakati swali langu ni la ramani. Aliolewa Pangani, ndoa ikavunjika, akarudi, babu akamwonyesha ng'ambo ya mto akalime. Hana karatasi hata moja. Na mimi simfukuzi, nyumba yake ibaki na uwanja wake. Ninachosema ni kwamba eneo lililobaki ni la familia, na ramani imelitaja.

Mama Wawili
Sasa umesema "jirani" mara ngapi huko juu! Shangazi yako, damu ya baba yako, umemwita jirani mbele za watu wasiomjua. Babu yako mwenyewe, mwenye shamba, alimshika mkono mwanawe akamwonyesha pa kulima. Wewe unataka karatasi gani tena?

Na kwa taarifa yako, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Kama eneo lile ni la familia, basi yeye ndiye familia kabla yako.

Nyundo ya Kale
Mama kasema. Ila nami niulize, mashangazi wengine hawana dogo. Wa kwetu alifunga njia ya kwenda kisimani kwa miiba...

Dereva wa Masafa
Swali langu la haraka bado halijajibiwa.

Mwanashamba
Sawa, Dereva, nakujibu. Kuna mtu anatafuta eneo karibu na maji la kuchimba mabwawa ya samaki. Tuliongea, akalipenda la ng'ambo, akanipa milioni 4 za kushikilia. Sijauza! Tumeandikiana tu kwa mkono kwamba nikikamilisha mambo ya mpaka tutamalizana. Mtu akikupa nafasi kama hiyo huwezi kumwambia asubiri mpaka ukoo mzima ukae kikao. Na hela nyingi imeenda kwenye ada ya wadogo zangu, sijanywea.

Wakili wa Mtaani
Umepokea fedha kwa ardhi isiyo kwa jina lako, bila usimamizi, na mtu mwingine yumo ndani anaishi. Mnunuzi akienda polisi, hiyo inaweza kusomeka kama kujipatia fedha kwa udanganyifu. Hiyo ndiyo dharura yako, mto utasubiri.

Kunguru Mweusi
Jamani, mnakunywa chai ya moto na hamshtuki. Akaunti ni mpya. Kwenye uzi wa pikipiki huyu huyu alisema "baba yangu yupo Handeni anaendelea vizuri". Leo baba ni marehemu. Namba ya shamba haitaji, jina la hifadhi hataji, picha haweki. Hapa kuna mtu anatunga kisa apate ushauri wa bure wa kesi ya mtu mwingine, au dalali anapima upepo.

Chumvi ya Pwani
Eee, na mimi niliusoma uzi wa pikipiki. Baba yupo Handeni!

Mama Wawili
Mimi nimeshapandisha presha kwa ajili ya shangazi asiyekuwepo?

Mwanashamba
Aliyepo Handeni ni baba mdogo, ndiye aliyenilea mzee alipofariki. Kwetu baba mdogo ni baba, simwiti vinginevyo. Namba ya shamba siiweki hadharani kwa sababu mtu yeyote akiiandika ataona kwetu.

Kunguru Mweusi
Basi tuandikie kilichopo kwenye hiyo ramani. Pembezoni kabisa, chini, maneno madogo ambayo mtunga kisa hawezi kuyafikiria. Na tarakimu za mwanzo za kona moja.

Mwanashamba
Haya. Juu kuna mshale wa kaskazini, skeli ni 1:10,000. Katikati shamba lenyewe, refu kuliko upana. Jedwali lina safu tatu: jina la bikoni, namba ya kaskazini, namba ya mashariki. Kona ya kwanza, ya kaskazini inaanza na 942, ya mashariki inaanza na 475. Chini kulia pamefifia, nimekuza mpaka nikasoma: UTM, Clarke 1880, Arc 1960. Chini yake kuna sahihi na muhuri ambao hausomeki.

Umeridhika?

Bikoni
Mimi ni mpima, huwa nasoma tu humu bila kuandika. Kunguru, UTM ni mfumo unaogawa dunia kwa kanda zenye namba, na namba hizo kwenye ukanda wa 37 kusini zinaangukia Muheza kweli. Na maneno ya chini kulia hakuna anayeyabuni ili kunogesha hadithi.

Mwanashamba, acha mengine yote kwanza, nijibu mawili. Ulipoingiza zile namba kwenye simu, mstari wa kusini ulikaa wapi? Na wa magharibi?

Mwanashamba
Kusini umeishia ndani ya michungwa yetu. Kuna kipande kirefu cha michungwa kimebaki nje ya mstari. Tulichukulia mzee alikiongeza baadaye kwa kununua kwa wanakijiji. Magharibi mstari umevuka barabara kidogo. Lakini ukubwa ni ule ule wa ekari 90 na umbo ni lile lile, kwa hiyo ramani haijakosea.

Bikoni
Ramani haijakosea, na umbo lazima liwe lile lile. Shamba lako zima limehamishwa bila kugeuzwa.

Namba za kona hazielei hewani. Zinahesabiwa kutoka kwenye mfumo wa rejea, wapima tunauita datumu, yaani dunia imechukuliwa kuwa na umbo gani (hiyo ndiyo Clarke 1880 uliyoisoma) na hesabu zimefungwa wapi. Ramani yako imejengwa juu ya Arc 1960. Simu yako inatumia WGS84, ule wa GPS. Namba zile zile kwenye mifumo hiyo miwili ni sehemu mbili tofauti. Kwa ukanda wenu, ukichukua namba za Arc 1960 ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, kila nukta inatua takriban mita 300 kaskazini ya mahali pake, na kidogo magharibi.

Sasa soma upya ulichoandika mwenyewe. Kaskazini umevuka mto. Kusini umepungukiwa, michungwa imebaki nje. Magharibi umevuka barabara. Ng'ambo ulikopata na kusini ulikopoteza ni kitu kimoja. Anayetazama mstari wa kaskazini peke yake ataona utajiri. Ukitazama kona zote kwa pamoja unaona shamba limesogea.

Fanya hivi. Pakua QGIS, ni programu ya ramani ya bure, inahitaji kompyuta. Ingiza jedwali lako, na ikikuuliza mfumo chagua Arc 1960 / UTM zone 37S, namba yake EPSG 21037. Usichague 32737, hiyo ni WGS84 na itakurudisha ulipo. Kisha weka picha ya setilaiti chini yake, programu itabadilisha yenyewe.

Hata baada ya hapo usipime mpaka kwa skani. Kwenye skeli ya 1:10,000, mstari wenye unene wa nusu milimita ni mita 5 ardhini, na karatasi ya zamani huwa imenywea kabla ya kupigwa skani. Skani ikupe namba za bikoni, kisha mpima aliyesajiliwa azitafute zenyewe: kipande cha chuma kwenye zege, mara nyingi kimefunikwa na udongo na majani. Kikipatikana mahali pake, ndicho kinachosema mpaka uko wapi.

Nyundo ya Kale
Mita 300! Kilosa tungekuwa tumeshauana.

Kunguru Mweusi
Bikoni, heshima. Mwanashamba, la baba mdogo nimelipokea. Nilishasoma visa vingi vya kutunga humu ndani, usinichukie.

Mwanashamba
Sina kinyongo. Ila Bikoni, inawezekana pia mpima wa wakati ule aliweka Arc 1960 kimakosa, na shamba kweli linavuka mto? Maana mnunuzi alisema jamaa yake wa ardhi ameiona skrini yangu akasema iko sawa.

Bikoni
Kila kitu kinawezekana mpaka bikoni ipatikane. Lakini ukubali na michungwa si yenu, na barabara iko ndani ya shamba lenu. Huwezi kuchukua kosa la upande mmoja tu. Huyo jamaa yake mwambie akuandikie kwa jina na namba yake ya usajili.

Mwanashamba
Nimetoka kwenye duka la kompyuta, kijana wa hapo amenisaidia kuingiza kwa ile 21037. Kusini mstari umepita nje ya michungwa, umefuata ule mfereji tuliozoea. Magharibi umelala kando ya barabara. Kaskazini umeishia ukingo wa mto, upande wetu.

Nitaitafuta bikoni kwanza kabla ya kusema lolote. Shangazi sijamwambia chochote na sioni sababu ya kumwambia sasa.

Mama Wawili
Mnunuzi ameshafika kule kutazama eneo?

Mwanashamba
Alifika. Walipima kwa hatua.

Mama Wawili
Basi shangazi yako anajua. Watu wasiowafahamu wamepima shamba lake kwa miguu, unadhani alifikiri wanatafuta nini? Nenda mwanangu, nenda wewe kabla hajaitisha kikao yeye.

Wakili wa Mtaani
Na kabla ya shangazi, mrudishie mnunuzi fedha. Kama huna zote, muandikiane lini na kiasi gani, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na ile karatasi ya mwanzo ichukue mkononi mwako. Baada ya hapo ndugu wakae, wateue msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa ndiye aombe nakala ya ramani.

Mwanashamba
Zimebaki milioni 1 na laki 2. Nitampigia kesho.

Chumvi ya Pwani
Bikoni, samahani kuingilia, mimi ramani ya kiwanja changu Kibaha pembeni imeandikwa TAREF11. Nayo nichague 21037?

Bikoni
Hapana! Huo ni mfumo mwingine kabisa, mpya. Fungua uzi wako, weka maneno yote ya pembezoni, na ukiweka kona weka zote.