Mliosoma kitabu kabla ya tamthilia, mnakaaje na anayetazama tu bila kumwaga siri?

tausi_wa_pili
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, jambo linaweza kuonekana dogo ila mimi limeniuma.

Ni msomaji wa riwaya za fantasia tangu nipo sekondari, hizi za mazimwi na falme na unabii. Mdogo wangu vitabu hataki kusikia, yeye mtu wa skrini. Nilimshawishi muda mrefu aanze Game of Thrones, tamthilia iliyotokana na vitabu vya George R. R. Martin, akaanza, akanogewa, ikawa kila Ijumaa usiku tunakaa epizodi mbili na rimoti anashika yeye. Nilijiwekea nadhiri sitamwambia chochote na kweli sijawahi kumwambia chochote, hata akiniuliza nanyamaza.

Sasa Ijumaa iliyopita tukafika ile *[NIMEHARIRI: nimetoa namba ya epizodi, soma kamenti ya kwanza]*. Nilikuwa naisubiri tangu siku ya kwanza tulivyoanza. Ilipoanza tu nikachukua simu taratibu nikaiegemeza kwenye mto, kamera inamwangalia yeye, nilitaka niuchukue uso wake niwe nao kama kumbukumbu. Akageuka. "Dada, mbona unanirekodi?" Nikasema hamna kitu, angalia mbele. Akaangalia skrini kama sekunde kumi hivi, akasema "basi nimejua, hapa kuna watu wanaondoka", afu akaanza kuwahesabu waliopo mmoja mmoja kwa kidole.

Epizodi ilivyoisha hakulia wala hakushtuka. Akasema "nilijua", akazima taa akaenda kulala. Juzi namuuliza Ijumaa tunaendelea? Ananiambia ataangalia mwenyewe kwenye laptopu na hedifoni.

Maswali yangu ni mawili. Hii inahesabika ni spoila, yaani kumwaga siri ya stori, wakati sijatamka neno? Na kitabu chenyewe ni cha mwaka 2000, kuna muda siri ya kitabu inaisha muda wake ukawa huru kuongea, au ndo nikae nayo mpaka kaburini?

kamba_mbili
Pole sana dada. Kabla ya yote naomba hariri uzi wako, umetaja sizoni na namba ya epizodi. Humu anapita mtu yuko sizoni ya 1, na wewe umeshampa tarehe ya kujiandaa, akifika pale atakuwa amekaza moyo kama anasubiri sindano. Na msije mkaandika lile jina ambalo mashabiki wanaiita hiyo epizodi, maana lile jina peke yake linasimulia kila kitu. Jina rasmi ni jina la wimbo tu, ukilisoma halikuambii chochote.

Tukirudi kwenye swali, ndiyo, ni spoila. Alichokijua amekijua kupitia kwako. Ulimi ulinyamaza ila simu ilisema.

Na hizi ndo zinazoniumiza mimi kuliko zile za kutaja wazi. Mtu akiropoka moja kwa moja kwamba fulani anakufa, watu wote watamsema na ataomba msamaha. Ila yule wa "wewe subiri tu", "usimzoee sana huyo", wa kutuma kiemoji cha macho, huyo anajiona mstaarabu kabisa maana eti hajasema kitu. Rafiki yangu mmoja tukiwa tunaangalia aliniambia "hicho kisu kikumbuke". Basi. Epizodi nne zote nikawa naangalia kisu, watu wanapendana, wanasalitiana, mimi naangalia kisu kiko kiunoni mwa nani. Stori yote ilinipita pembeni na hana habari mpaka leo kwamba alinikosesha kitu.

msomaji_mkongwe
ONYO: naongelea Game of Thrones na vitabu vyake kwa ujumla, tukio lolote sitalitaja.

Mtoa mada, kile unachotaka kujua kuhusu muda, nikupe historia kidogo. Kitabu cha tatu kilitoka 2000. Epizodi yenyewe ilirushwa Juni 2013. Miaka 13 wasomaji wamekaa na hiyo siri, na hata sirizi ilipoanza 2011 walikaa kimya wakiwa sebule moja na watu wasiojua, wiki hadi wiki. Afu usiku ule ndo wakafanya ulichofanya wewe, wakawategeshea kamera ndugu zao na wapenzi wao, klipu zikajaa YouTube. Kwa hiyo tamaa yako naielewa kabisa. Ila fikiria, zile klipu tunazozikumbuka zilifaulu kwa sababu anayerekodiwa hakujua, na ambazo mtu aligeuka akauliza "mbona unanirekodi" hakuna aliyezipandisha.

Kuhusu siri kuisha muda, mimi msimamo wangu haiishi kwa tarehe ya kitabu. Mdogo wako amekutana na hii stori mwaka huu, kwake yeye imetoka mwaka huu. Kumwambia "ungesoma, kitabu kipo tangu 2000" ni kumwadhibu kwa kuingia kupitia mlango mwingine.

Na sisi wasomaji tusijione wenye nyumba, tumeshaonja upande wa pili. Kitabu cha tano kilitoka 2011, cha sita tukawa tunakingoja. Kufika 2016 sirizi ikawa imetupita, inaonyesha mambo ambayo kwenye kitabu hayajaandikwa. Kuna siri moja kuhusu jina la mhusika mmoja mpole, waliosoma tulikaa miaka tunakisia tu, tukaja kuipata kwenye televisheni. Mimi nilitaka niisome kwanza. Nilizima data wiki nzima, na bado nikaiona kwenye stetasi ya mtu ambaye hajawahi kufungua hata ukurasa mmoja wa kile kitabu. Nikawa mpole sana tangu siku hiyo kwa wanaotazama tu.

Nilichokipenda enzi zile ni walivyofanya The A.V. Club, tovuti ya hakiki za filamu na televisheni, kila epizodi walikuwa wanaandika hakiki mbili, moja ya waliosoma na nyingine ya wasiosoma, kila kundi linaenda kwake kubishana. Hata kwenye grupu la watu kumi inawezekana, mnafungua magrupu mawili tu.

nyota_ya_kusi
Nakazia kitu kimoja ambacho wasomaji wengi hamkioni. Spoila inaweza kuwa lalamiko.

Mnakaa mnaangalia afu msomaji anakunja uso, "aah mbona hiki wamekiruka, kilikuwa muhimu". Umeshaniambia kwamba kuna jambo mbele linategemea hicho kitu. Au "huyu kitabuni alishaondoka kitambo", haya, sasa najua uhai wake ni wa kuongezewa. Au "wamemuunganisha na yule mwingine", najua na yule mwingine alikuwa anaelekea wapi. Ninyi mnaona mnakosoa waandaaji tu, sisi tunaosikiliza tunaokota vipande.

Mfano ambao mimi umenikuta ni The Wheel of Time. Ile imetoka kwenye vitabu 14, cha kwanza 1990 na cha mwisho 2013, mwandishi Robert Jordan alifariki 2007 Brandon Sanderson ndo akamalizia. Sirizi ilivyoanza 2021, sizoni ya kwanza walijenga fumbo, kwamba kati ya hawa vijana wa kijijini ni yupi aliyetabiriwa, na sisi watazamaji tulikuwa tunabishana kweli kweli kila mtu na wake. Kumbe kitabuni fumbo lenyewe si kubwa hivyo, kwa sababu kitabu cha kwanza sehemu kubwa unakuwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Sasa mimi nikamuuliza mfanyakazi mwenzangu aliyesoma, swali la kawaida tu, "kwani kwenye kitabu stelingi ni nani?" Akanijibu. Kwa nia njema kabisa. Sizoni nzima ikaishia palepale kwenye meza ya chai.

Simlaumu sana maana niliuliza mwenyewe. Ila ndo nikajifunza kwamba tamthilia ina mafumbo yake ambayo kitabu hakina, na msomaji inabidi ajue kwanza sirizi imeficha nini ndo ajue afunge mdomo wapi. Kama hujaangalia sirizi umesoma tu, usijibu swali lolote.

hekaya_1001
Mimi nitapingana nanyi kidogo. Spoila tunazikuza mno. Kuna utafiti wa 2011 wa Chuo Kikuu cha California pale San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, wengine wakaambiwa mwisho kabla, na walioambiwa ndo waliozifurahia zaidi. Binafsi huwa naanza na kurasa za mwisho, nikishajua nani anabaki napumua afu nasoma vizuri, naona namna alivyosuka.

Tena huyo huyo George R. R. Martin ametoa Fire & Blood 2018, imeandikwa kama kitabu cha historia, nani alikufa na nani alikalia kiti yote yamo, na House of the Dragon iliyoanza 2022 imetokana nayo. Mimi niliisoma yote na bado nilikuwa naangalia nimeshika mto. Kitabu kinakupa wasimulizi wanaopishana, huyu anasema hivi yule anakataa, kwa hiyo kujua kwamba jambo limetokea si sawa na kujua limetokeaje.

Mdogo wako atarudi tu dada, usijitese.

kamba_mbili
@hekaya_1001 utafiti huo sikatai, ila angalia walipima nini. Hadithi fupi, unaikalia mara moja unamaliza. Huyu kijana amekaa na wale watu sizoni kadhaa, anawajua kwa majina, ana anayempenda na anayemchukia. Halafu wewe ukianza na kurasa za mwisho unakuwa umechagua mwenyewe, mkono wako ndo umefunua. Yeye amefunuliwa.

mlinzi_wa_daftari
Mimi siyo mwongeaji, niongeze mambo mawili ya vitendo.

Kwanza uliza "umefika wapi?" kabla ya sentensi yoyote. Zamani ilikuwa inarushwa epizodi moja kwa wiki watu wote mko sehemu moja. Siku hizi nyingine zinashushwa sizoni nzima kwa mpigo, The Witcher ya 2019 epizodi 8 siku moja, kwa hiyo kuna aliyekesha akamaliza na kuna aliyeangalia nusu saa akasinzia, na wote mnakutana kazini asubuhi. Na mkanye asitafute jina la mhusika kwenye intaneti hata kama anataka tu kujua linaandikwaje. Ukianza kuandika jina, kisanduku chenyewe kinakumalizia "anakufa lini". Zile tovuti za mashabiki zenye ukurasa wa kila mhusika ndo mbaya zaidi, pembeni ya picha kuna kijisehemu cha hali ya mhusika, hai au marehemu, unakutana nacho kabla hujasoma mstari.

Pili ni kwa wewe msomaji. Jibu lako liwe moja kwa kila swali. Ukisema "hapana" pale ambapo ni hapana na ukanyamaza pale ambapo ni ndiyo, kimya chako kimeshakuwa ndiyo. Mimi kwa mke wangu kila kitu ni "sijui, tuone", awe ameuliza habari ya mfalme au ya farasi. Mwanzoni alikuwa anakasirika, sasa hivi ananiuliza ili tu apate kusema anachofikiria yeye.

tausi_wa_pili
Nashukuruni sana wote, na kamba_mbili samahani kwa ile namba, nimeshaitoa.

Jana nilimpigia mdogo wangu nikamwomba msamaha, nikamwambia ukweli kwamba nilitaka uso wake na nikasahau kwamba ile epizodi ilikuwa ya kwake, si yangu. Akanyamaza. Kumbe kilichomuuma si ile kujua mapema, anasema tangu siku ya kwanza alikuwa anaona nikimwangalia yeye badala ya skrini, kila wimbo ukibadilika nageuza shingo, akawa hawezi kukaa kwa amani, anajiuliza sasa natakiwa nishtuke au bado. Hilo sikulijua kabisa. Nilidhani nimekaa kimya.

Ijumaa anakuja. Sharti lake ni kwamba simu yangu ikae jikoni na mimi nikae kiti cha mbele ambako hanioni uso. Nimekubali. Kabla hajakata akaniuliza, "ila dada, baada ya ile, kuna nyingine kama ile?"

Nikamwambia sijui, tuone.