The Gun Club: baada ya Fire of Love nisikilize nini?

Besi Nzito:
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mpiga besi, nimekulia kwenye rege na bluzi za zamani. Kuna jamaa kanirushia "She's Like Heroin to Me" ya The Gun Club na tangu hapo sisikilizi kingine. Ila kila ninakosoma wanasifia albamu ya Fire of Love ya 1981 peke yake, utadhani bendi iliishia pale. Mbele kuna kitu?

Nyuzi Sita:
Kipo mkuu, tena kikubwa. Hii bendi naipenda mno, kwa hiyo nivumilie.

Jeffrey Lee Pierce, mwimbaji na kiongozi wa The Gun Club, kijana wa Los Angeles, alikuwa akiongoza klabu ya mashabiki wa bendi ya Blondie. Akakutana na Kid Congo Powers, aliyeongoza ya bendi ya Ramones, kwenye foleni ya shoo ya bendi ya Pere Ubu. Kid Congo hakujua kupiga gitaa. Pierce akamfungia nyuzi kwa mtindo wa wazi: ukizipiga zote bila kubonyeza popote, kodi kamili (sauti kadhaa zinazopatana kwa pamoja) inatoka. Kisha akampa slaidi, kibomba cha kuvaa kidoleni na kutelezesha juu ya nyuzi. Ndivyo wazee wa bluzi wa Mississippi walivyopiga, na ndivyo mtu asiyejua kitu alivyoweza kuingia kwenye bendi ya panki. Jaribu mwenyewe, utaelewa ule mlio ulikotoka.

Kid Congo akachukuliwa na bendi nyingine, The Cramps, kabla ya Fire of Love, na slaidi unayoisikia mle ni ya mpiga gitaa Ward Dotson. Sikiliza "Preaching the Blues". Mwanabluzi Robert Johnson aliurekodi 1936 akiwa na gitaa lake tu. Hawa wameukimbiza kwa ngoma za panki na bado unatisha.

Albamu iliyofuata, Miami (1982), ilitayarishwa na Chris Stein wa Blondie, na mwimbaji wa Blondie, Debbie Harry, akaitikia. Humo wanaingiza kantri: "Mother of Earth" ina gitaa la stili linalolia mpaka mwisho. Las Vegas Story (1984) Kid Congo karudi, besi anapiga Patricia Morrison, na wamechukua nyimbo za Pharoah Sanders wa jazi na za mtunzi Gershwin bila woga wowote. "My Man's Gone Now" Pierce anaiimba kama msiba ni wa kwao.

Mzee wa Kaseti:
Miami sauti yake nyembamba, kijana. Ngoma zimezama kabisa. Mimi nikitoka Fire of Love naruka moja kwa moja hadi Las Vegas Story.

Nyuzi Sita:
Mzee wangu, shikamoo. Kwenye ngoma sikubishii. Lakini ukiiruka Miami umeikosa "Carry Home", na Pierce hakuwahi kuandika wimbo mzuri kuliko ule. Ongeza sauti tu, utausikia.

Besi Nzito:
Na baada ya 1984?

Nyuzi Sita:
Walivunjika, Pierce akatoa albamu yake binafsi, kisha akaifufua bendi. Mother Juno (1987) waliirekodi Berlin, studio za Hansa, mtayarishaji Robin Guthrie, mpiga gitaa wa bendi ya Cocteau Twins. Kwangu ndiyo kilele chao. Chini ya Guthrie magitaa ni ukungu mtupu, na bluzi ya Pierce haikupotea ndani yake. Imepata nafasi ya kupumua. Inaniuma watu wanavyoipita. Wewe mpiga besi mfuatilie Romi Mori kwenye "The Breaking Hands": hana haraka, anaubeba wimbo mzima huku magitaa yakielea.

Lucky Jim ya 1993 ndiyo ya mwisho. Imetulia, ni bluzi ya mtu aliyechoka mwili. Pierce alifariki Machi 1996, damu ilivujia ubongoni, ana miaka 37.

Mzee wa Kaseti:
Marahaba. Kwenye Mother Juno tuko pamoja. Besi Nzito, tumia hedifoni, spika za simu zitakunyima hiyo besi yote.