Mablanketi ya Gaza: tuyapeleke vipi?

Bi Mwana, Langoni
Assalamu alaikum. Akina mama wa mtaani kwetu hapa Lamu tumekusanya mablanketi 42 na magunia matatu ya sweta za watoto kwa ajili ya Gaza. Tangu Desemba 2024, tuliposikia vichanga wamekufa kwa baridi kwenye mahema ya Al-Mawasi, kila nikimfunika mjukuu wangu roho yaniuma. Mzigo umejaa nyumbani kwangu. Mombasa nimwone nani?

Umm Salma, Malindi
Waalaikumu salaam, dada yangu. Nilifanya kazi za nyumbani Zahle, bonde la Bekaa, Lebanon. Wakimbizi wa Syria walikuwa ng'ambo ya barabara, mashambani, kwenye vibanda vya mbao na turubai, maana serikali haikuwaruhusu kambi rasmi. Januari 2015 ikaja dhoruba waliyoiita Zina, theluji ikalemea mapaa. Mama mmoja niliyempelekea chai alikuwa na mablanketi sita, yote chapachapa. Maji yalipita chini ya godoro. Jikoni alichoma viatu vya plastiki, na watoto walikohoa usiku kucha. Sijamsahau.

Waliopata afueni ni wale ambao UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, iliwatilia pesa kwenye kadi mapema: walinunua mafuta ya jiko na turubai kabla ya theluji.

Na mzigo wa Gaza hukaguliwa na Waisraeli. Malori ya mashirika makubwa yamewahi kukwama Misri wiki nyingi, sembuse magunia yetu. Uzeni, pesa mpelekeeni Hilali Nyekundu ya Palestina, wao wako ndani na watu.

Fundi wa Matondoni
Bi Salma asema kweli. Jahazini twatandika boriti kwanza ndipo tupange magunia, kwa sababu maji ya ngama, yale yajikusanyayo chini ya chombo, huharibu mzigo kuliko mvua. Mablanketi kumi nitanunua mimi.

Bi Mwana, Langoni
Ahsanteni, Mungu awalipe. Tatizo ni kwamba watu walitoa wakiwa na nia ya blanketi, si pesa. Siwezi kuuza sadaka ya mtu bila idhini yake. Kesho baada ya alasiri nitapita nyumba kwa nyumba. Wengi watakubali. Lakini kuna sweta moja ya manjano, jirani yangu aliifuma mwenyewe, jicho moja halioni. Huyo sijui nitamwanzia wapi.